Kati ya Neno na Ufunguo



Wiki hii twataka kuzungumza nanyi habari ya kuuza na kununua nyumba. Hatutasema juu ya kutafuta nyumba, wala juu ya kupatana bei. Mambo hayo watu wetu wa Lubumbashi wanayajua sana, na kila mtaa una wazee wake wenye ulimi wa biashara. Twataka kusema juu ya siku zinazofuata mapatano. Mwenye nyumba amesema, "Nimekubali." Mnunuzi naye amesema, "Nimekubali." Wamepeana mikono, vinywaji vimeletwa, na mama mnunuzi ameanza kuhesabu vyumba na kuwagawia watoto vitanda. Wote wadhani kazi imekwisha. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kati ya neno la kukubali na siku ya kupokea ufunguo iko njia. Njia hiyo haimshindi mtu anayeifuata hatua kwa hatua. Lakini anayetaka kuiruka mara nyingi huishia mbele ya hakimu, na huko miaka hupita, fedha huliwa, na ndugu waliokula sahani moja hawasalimiani tena hata mlangoni mwa kanisa.

Nanyi wanafunzi msigeuze ukurasa huu mkidhani ni wa wazee tu. Karatasi za nyumba katika nchi yetu zaandikwa kwa Kifaransa. Katika nyumba nyingi mwanafunzi ndiye anayeitwa jioni, taa ikiwa mezani, aambiwe: "Njoo, utusomee maneno haya." Siku hiyo mali yote ya wazazi wako itakuwa katika macho yako. Yafaa ujue unachosoma.

KITU GANI KINAUZWA?

Hapana budi kuanza na jambo hili. Katika nchi yetu udongo ni mali ya Serikali. Sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 ilifungua njia hiyo, na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, ikasema wazi kwamba ardhi ni ya Serikali peke yake, wala haiuzwi. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Mkongomani aweza kupewa haki hiyo bila kikomo. Mgeni huipata kwa muda, yaani miaka 25, nao waweza kufanywa upya. Basi mwenye kuuza lupango anauza majengo aliyoyajenga, pamoja na haki yake juu ya kiwanja. Asiye na haki hana kitu cha kuuza, hata kama ukuta ni mrefu na bati ni jipya.

Haki hiyo yajulikana kwa karatasi moja kubwa, ambayo mjini huitwa sertifika, yaani hati ya kuandikishwa. Mwenye kuitoa ni Konservateri wa hati za ardhi. Sheria ya 1973 iliweka kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja haisimami kisheria pasipo hati hiyo.

Hapo ndipo penye shida kwa nyumba nyingi za mji wetu. Mji huu ulianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ukaitwa Lubumbashi tangu 1966. Ulikua kwa kazi ya shaba na ya reli. Wazee wetu waliofanya kazi katika Union Minière, au katika relwe, au katika nyumba za Wazungu, walipata makao Kamalondo, iliyoitwa zamani Komini Albert, na Kenya, na baadaye Katuba na Ruashi, mitaa iliyokua baada ya vita vya pili vya dunia. Ruashi nyumba nyingi zilijengwa na Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952. Wazee hao walipokufa waliacha sandukuni livreti ya lojeri, au fishi ya komini, au risiti za malipo zilizogeuka rangi kama majani makavu. Karatasi hizo ni za heshima. Zaonyesha nani alikaa, na tangu lini, nazo ni mwanzo mzuri wa kuomba hati. Lakini si hati yenyewe. Mnunuzi anayelipa bei ya sertifika na kupokea livreti, amelipa ng'ombe akapewa kamba.

Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, neno la kukubali likisha kutamkwa, usikimbilie kutoa fedha. Chukua nakala ya hati na uende wewe mwenyewe katika ofisi ya Konservateri anayehusika na komini ile. Uliza mambo manne. Jina lililo katika kitabu ni la nani? Je, nyumba imewekwa rehani katika benki? Je, kuna kesi mahakamani juu yake? Tena, je, vipimo vya kiwanja vilivyo katika karatasi ni sawasawa na vile vilivyo chini? Kwa neno hili la mwisho, mwite mpimaji wa kadasta, atembee kutoka jiwe la mpaka mpaka jiwe la mpaka, nawe ukimfuata. Majirani wa pande zote na wawepo. Ukuta uliosogezwa hatua mbili leo ni ugomvi wa miaka 20 kesho.

NA NANI ANAYEUZA?

Huenda karatasi ikawa safi, lakini anayeiuza akawa hana ruhusa ya kuiuza peke yake. Hapa twaomba mtusikilize vizuri, maana machozi mengi yametoka katika mlango huu.

Kwanza, watu wa ndoa. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, yataka bwana na bibi wote wawili wakubali kabla haki ya kiwanja haijahamishwa, bila kujali wameoana kwa utaratibu gani wa mali. Mume asiseme: "Ni mimi niliyejenga." Ndiyo, ulibeba matofali, lakini nani alikupikia ulipoyabeba? Nani aliuza sombe na unga sokoni ili mshahara wako ununue saruji? Mbele ya altare mliahidi kuwa mwili mmoja. Mwili hauuzi mguu wake usiku, kichwa kisijue.

Pili, nyumba ya marehemu. Twajua desturi zetu ni nyingi. Kwa wengine mjomba ndiye mwenye sauti, kwa wengine baba mdogo. Baada ya matanga huyu ashika redio, yule ashika baiskeli, wa tatu atazama nyumba. Lakini sheria ya 1987 ilipanga mambo kwa namna nyingine. Watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza: waliozaliwa katika ndoa, na wale wa nje aliowatambua akiwa hai, na wale aliowafanya watoto wake kwa sheria. Hao hupata robo tatu za urithi, nao hugawana sawasawa. Sheria haikusema mtoto wa kiume apate zaidi. Binti aliyeolewa mbali bado ni mrithi. Robo iliyobaki yawaangalia mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Tena mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa pamoja na mwenzake.

Yuko na mtu wa kuangalia mirathi, anayeitwa likidateri. Mara nyingi ni mkubwa wa warithi, au yule waliyemchagua wenyewe. Wengi hudhani jina hilo ni taji. La, ni mzigo. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kuwagawia wengine, wala si kujigawia. Na hati iliyo kwa jina la marehemu haiwezi kupita moja kwa moja mpaka kwa mnunuzi. Yapasa kwanza mahakama itambue warithi ni akina nani.

Tutoe mfano. Tufikiri nyumba moja ya Katuba. Baba alikuwa mtu wa reli, amekufa. Mama amebaki na watoto wawili wadogo. Mtoto wa kwanza anafanya kazi Kolwezi, na binti ameolewa Likasi. Yule wa Kolwezi ana deni. Anakuja siku ya Alhamisi, hafiki nyumbani, anakutana na mnunuzi mahali pengine, anamwonyesha livreti ya baba yake, wanapatana bei. Mnunuzi ni mtu mwema, mfanyakazi mwenye watoto watano, aliyeweka akiba kwa miaka mingi. Anatoa nusu ya fedha. Wiki mbili baadaye anafika na lori lililojaa vyombo.

"Hodi, Mama."

"Karibu, baba. Kaa kivulini."

"Asante, Mama. Samahani, tumekuja na vyombo. Mtoto wako hakukuambia?"

"Vyombo vya nani, mwanangu?"

"Vyetu, Mama. Nyumba hii tumeinunua."

Mama anaweka chini kisu cha kumenyea mihogo. "Mwanangu, katika nyumba hii baba yao aliniingiza nikiwa bibi arusi. Kama imeuzwa, basi nami nimeuzwa pamoja na milango."

Tuulize sasa: nani ana kosa? Yule kijana wa Kolwezi ameiba, hata kama aliita biashara; amri ya saba haibadiliki kwa sababu mwenye mali ni mama yako. Lakini na yule mnunuzi, ingawa si mwizi, kuna swali moja alilolisahau. Alipima vyumba, akapima bei, akapima na deni la muuzaji, lakini hakuuliza: "Mama yuko wapi? Na watoto wengine wako wapi?" Angeuliza hivyo Alhamisi ile, asingekuwa sasa na lori njiani, fedha zimekwenda, na mjane anamlilia mbele ya majirani.

Basi liwekeni swali hili mioyoni. Kila mnunuzi Mkristo aulize kabla ya kutoa hata falanga moja: nani anakaa humu, nani alizaliwa humu, na kila mmoja amesema nini? Warithi wote wakutane, waandike mapatano yao, kila mmoja atie sahihi yake au alama ya kidole mbele ya mashahidi. Aliye mbali na atume karatasi iliyothibitishwa. Kwa fungu la watoto wadogo, hakimu ndiye wa kuulizwa. Jambo hili lachelewesha siku ya kuhama, ni kweli. Lakini haraka haraka haina baraka, na nyumba iliyoingiliwa juu ya machozi ya mjane haina usingizi mzuri.

FEDHA ZATOKA KWA VIPANDE

Mkisha kuhakikisha kitu na mwenye kitu, sasa fedha zaweza kuanza kutembea. Lakini zitembee kama mtu mzima, zisikimbie kama mtoto.

Desturi ni kutoa kwanza arbuni. Arbuni na iwe ndogo, ya kuonyesha nia tu. Iandikwe: kiasi gani, kwa dola au kwa falanga, tarehe gani, kwa ajili ya lupango gani. Tena iandikwe itakuwaje mmoja akirudi nyuma: kama mnunuzi akiacha, arbuni yapotea au yarudi? Kama muuzaji akiacha, arudisha ngapi, na kwa siku ngapi? Maneno haya yasemwe mkiwa bado mnacheka pamoja. Siku ya ugomvi hamtaweza kuyasema.

Fungu kubwa litolewe siku ya kutia sahihi mkataba, na sehemu fulani ibaki mpaka siku ya ufunguo, ili muuzaji naye awe na sababu ya kutoka kwa wakati. Ikiwezekana fedha zipite benki. Mfuko wa plastiki uliojaa noti hauna kumbukumbu, wala hauwezi kutoa ushahidi. Kama benki haiwezekani, hesabuni mezani mchana, mbele ya mashahidi wa pande mbili, na risiti iandikwe kabla ya watu kuinuka vitini. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna shauri baya linalozunguka, nalo twalikataa. Wengine husema: "Tuandike bei ndogo katika mkataba, ili ushuru uwe mdogo, bei ya kweli tunaijua wenyewe." Kwanza, huo ni uongo, tena ni wizi wa mali ya wote. Pili, ni ujinga. Siku mauzo yakivunjwa mahakamani, hakimu atasoma bei iliyoandikwa. Umelipa 20.000, umeandika 8.000, utadai 12.000 kwa karatasi gani?

Juu ya dalali, ambaye kwetu huitwa komisioneri, tuseme neno la haki. Wako waaminifu, na kazi yao ni kazi. Mtenda kazi astahili ujira wake. Lakini fungu lake lijulikane tangu mwanzo, na ni nani atakayelipa, muuzaji au mnunuzi, au wote wawili. Tena dalali asiwe sanduku la fedha. Apokee ujira wake; bei ya nyumba ipokewe na mwenye nyumba.

KARATASI ZAKAMILIKA

Katika Maandiko Matakatifu mna mauzo mawili ambayo tungependa kila familia iyasome pamoja jioni moja. La kwanza ni katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 23. Abrahamu amefiwa na Sara, naye ni mgeni katika nchi ile. Efroni Mhiti yuko tayari kumpa shamba bure. Mzee Abrahamu hakubali zawadi ambayo kesho yaweza kukanwa. Analipa shekeli 400 za fedha, zinapimwa mbele ya watu wote mlangoni mwa mji, na shamba latajwa pamoja na pango na miti yote iliyo ndani ya mipaka yake. Tazameni: bei, mashahidi, mipaka, na vitu vilivyomo. Hakuna lililosahauliwa, ingawa mnunuzi alikuwa katika kilio.

La pili ni katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 32. Nabii amefungwa, adui wameuzunguka mji, naye ananunua shamba la binamu yake kwa shekeli 17. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi, kisha anaagiza nakala mbili ziwekwe katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Kama mtu wa Mungu alitunza karatasi katika wakati wa vita, sisi tunaoishi katika amani tutajitetea kwa nini?

Basi mkataba wenu uwe na mambo haya: majina kamili ya muuzaji na mwenzake wa ndoa, au ya warithi wote, jina la mnunuzi kama lilivyo katika karatasi zake, komini, mtaa, njia, namba ya kiwanja na namba ya hati, vipimo, bei yote na namna ya kuilipa, vitu vinavyobaki katika nyumba, kama pampu ya maji, tangi, milango ya chuma na miti ya matunda, na siku ya kutoka. Kisha mkataba upelekwe kwa noteri, ili uwe na nguvu mbele ya watu wote.

Wengi wakifika hapo husimama. Wanauweka mkataba sandukuni, wanafunga, wanasema: "Nyumba ni yangu." Bado. Mkataba unasema kwamba mmepatana. Hati ndiyo inayosema kwamba haki imehama. Yapasa mkataba urudi kwa Konservateri, ushuru ulipwe, hati ya zamani ifutwe na mpya itoke kwa jina la mnunuzi. Ulizeni mapema ushuru ni kiasi gani na nani ataulipa, ili jambo hilo lisije likavunja mapatano mlangoni. Kila malipo ya Serikali yawe na risiti, na kila risiti iwe na nakala. Mnunuzi asiyemaliza hatua hii amewaachia watoto wake shida ileile aliyoikuta katika nyumba ya wengine.

Asiyeelewa asione haya kuuliza. Wako wanasheria, tena katika Kanisa letu iko Tume ya Haki na Amani, na mapadre wa parokia wanajua mlango wake.

NENO LILILOTOLEWA

Sasa tuwaambie wauzaji jambo moja la dhamiri. Karatasi zachukua muda. Katika muda huo huenda akaja mtu mwingine, amevaa vizuri, akasema: "Yule amekupa ngapi? Mimi naongeza." Hapo ndipo Mkristo anapopimwa. Zaburi ya 15 yamsifu mtu asiyebadili neno lake hata kama limemletea hasara. Na kuiuza nyumba moja kwa watu wawili si werevu. Ni kosa mbele ya Mungu na mbele ya sheria.

Lakini na mnunuzi asifanye ujanja wa namna nyingine. Wako wanaongoja mpaka muuzaji amekwisha kufunga vyombo na kulipia makao mapya, ndipo waseme: "Fedha zimepungua, punguza bei kidogo." Huko ni kumkaba mtu aliye njiani. Ahadi ni deni kwa wote wawili. Kama kweli shida imetokea, iseme mapema, kwa uso wako, si kwa kutuma mtoto.

SIKU YA KUHAMA

Yafaa siku ya kuhama iwekwe kwa akili. Kwetu mvua hunyesha tangu Novemba mpaka Machi au Aprili. Godoro lililolowa juu ya lori halikauki upesi. Kiangazi ndicho kizuri, hasa likizo kubwa, kabla ya masomo kuanza Septemba, ili watoto wasikatwe katikati ya mwaka.

Wiki moja kabla, muuzaji na mnunuzi wakutane katika nyumba ile. Watazame mita ya umeme ya SNEL na ile ya maji ya REGIDESO. Deni lote mpaka siku hiyo ni la muuzaji, na risiti zionekane. Kama ndani ya lupango kuna wapangaji wa vyumba vya nyuma, waambiwe mapema, wasishtukie mwenye nyumba mpya asubuhi. Walitoa garanti, je, iko mkononi mwa nani sasa? Ihesabiwe na ihamishwe kwa maandishi. Mpangaji naye ni mtu, tena ana watoto.

Muuzaji, unapotoka, toka kwa heshima. Using'oe vitasa wala nyaya za taa ulizoziuza. Fagia nyumba. Toa funguo zote, na ile ya mlango wa nyuma, na ile iliyoko kwa mdogo wako. Hesabuni funguo, andikeni karatasi fupi ya makabidhiano, ndipo lile fungu la mwisho la fedha litolewe.

Nawe mnunuzi, usiingie kama mshindi wa vita. Salimu majirani kabla ya kushusha vyombo. Jiandikishe kwa mkuu wa mtaa. Tafuta jumuiya ya Wakristo wa hapo, uwaambie jina lako na siku zako za kusali. Mwite padre abariki nyumba, naye mzee aliyekuuzia, kama aweza, mwalike. Ni jambo zuri muuzaji na mnunuzi kuinamisha vichwa chini ya maji yale yale ya baraka. Hapo majirani wote watajua kwamba nyumba imehama, lakini amani haikuhama.

Huenda wewe unayesoma huna nia ya kuuza wala ya kununua mwaka huu. Hata hivyo tuna kazi ya kukupa. Jioni ya leo, baada ya sala, mwulize baba, au mama kama baba hayupo: "Karatasi za nyumba yetu ziko wapi, na zimeandikwa kwa jina la nani?" Kama ziko, zisomeni pamoja, mzifunge mahali pasipofika maji wala mchwa, na kila mtoto ajue mahali hapo. Kama hazikukamilika, anzeni kuzitafuta wakati wazee wangali hai na midomo yao yaweza bado kutoa ushahidi. Mzazi akijibu, "Mambo hayo ni ya wakubwa," usibishane. Mpe ukurasa huu, au umsomee polepole.

Mungu azilinde nyumba zenu, na wote waliomo.